Ubishi wa Mieleka Kivukoni Garsen

Mume wangu aliwahi kuninunia siku nzima kwa ajili ya mwanamume ambaye mimi na yeye hatukuwahi kumwona. Mwanamume mwenyewe alikuwa Mzungu wa kwenye picha, kifua wazi, kaptula imembana, na usoni kavaa barakoa nyeusi yenye matundu mawili ya macho. Kazi yake ilikuwa mieleka, na alilipwa kwa kazi hiyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nami nilikuwa mke mchanga nikiuza chai kivukoni Garsen. Daraja halikuwapo. Gari likitoka Malindi kwenda Lamu lilipandishwa kwenye pantoni, wanaume wakaivuta kwa kamba mpaka ng'ambo huku wakiimba nyimbo ambazo mke wa mtu hapaswi kuzielewa. Mume wangu alikuwa mmoja wa wavutaji hao. Alikuwa mtu mpana, shingo fupi, mpole ajabu. Wakati wa vita alichukuliwa jeshini akafika Bara Hindi, na kutoka huko alirudi na koti moja la kijani na hadithi moja.

Hadithi yenyewe ilihusu Mhindi mmoja aliyepigana mieleka kwenye shimo la udongo laini, watu wakilipa kumtazama. Mhindi huyo alikunywa maziwa kwa ndoo, na hapakuwa na mtu aliyewahi kumlaza chali. Kila mwaka Mhindi aliongezeka. Nilipoolewa alikuwa akimwangusha mtu mmoja. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, alikuwa akiwaangusha watatu kwa pamoja, na tayari ndoo za maziwa zilikuwa mbili.

Basi masika moja mto Tana ulipanda. Maji yalimeza mashamba ya mpunga, yakaja mpaka karibu na mafiga yangu, pantoni ikafungwa kwenye mti, na yeyote aliyekuwa safarini akakaa. Waliokaa kwenye benchi langu la chai zaidi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa dereva wa lori kutoka Mombasa, kijana wa maneno mengi, nywele zimepakwa mafuta zikang'aa, aliyekuwa akipeleka mabati Lamu. Wa pili alikuwa mzee wa Kiorma, mfanyabiashara wa ng'ombe, mrefu, mtaratibu, shuka yake nyeupe hata katika tope lile. Wanyama wake walikuwa wakila majani nyuma ya maduka, wakingoja mto utulie.

Jirani nami, kwenye baraza la duka, palikuwa na fundi cherehani, mzaliwa wa Kipini. Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikutukana ungependa arudie. Asubuhi moja fundi alifungua kifurushi cha vifungo alicholetewa kutoka Mombasa. Vifungo vilikuwa vimefungwa katika ukurasa wa gazeti la Kizungu. Akaunyoosha, akautazama, akauleta kwangu ameushika kwa ncha za vidole.

"Nambiani," alisema, "huyu ni mtu au ni mwizi?"

Dereva akaruka kutoka kwenye benchi. "Huyu namjua! Mabaharia pale bandarini hawana habari nyingine. Huyu ni mwanamieleka. Akishindwa, sharti avuliwe barakoa mbele ya watu. Na hajavuliwa hata siku moja!"

Mume wangu, ambaye hakuwa na kazi kwa kuwa pantoni ililala, aliutazama ukurasa ule kwa muda. "Kama hana la kuficha, mbona anaficha uso?"

Hapo ningenyamaza, mambo mengi yasingetokea. Lakini nilikuwa nainamisha birika, mdomo ukanitoka: "Labda ni mzuri mno, anaogopa kusumbuliwa."

Dereva alicheka. Fundi alicheka. Mume wangu hakucheka. Aliliweka bakuli lake la chai chini, limejaa nusu, akasema polepole kwamba yule Mhindi wake angemvunja huyo wa barakoa katikati kama muwa.

"Asingemweza," nikasema. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimemwona Mzungu yule kwa muda wa kupuliza moto tu, lakini tayari nilimwonea uchungu kama ndugu yangu.

Mzee wa Kiorma aliuliza swali. Kiswahili chake kilikuwa cha kujifunzia sokoni, lakini kilimfikisha alikotaka.

"Huyu analipwa?"

"Analipwa, mzee," dereva akamjibu.

"Analipwa kuangusha watu?"

"Ndiyo."

"Na ile nyingine, ile inaanguka?"

"Huyo naye analipwa."

Mzee alijifuta macho kwa ncha ya shuka, mabega yakimtikisika. "Mimi naangushwa na ng'ombe mara mingi. Hapana mtu alilipa mimi."

Kuanzia hapo hapakuwa tena na habari ya mafuriko. Watu waliacha kuuliza maji yamefika wapi, wakawa wanauliza nani bingwa wa mabingwa. Fundi ndiye aliyeweka utaratibu. Alisema mabingwa wa dunia wawe watatu tu, kwa sababu hata chungu hukaa juu ya mafiga matatu, na la nne ni la kujikwaa. Sharti la kwanza: awe analipwa, maana wa bure wamejaa kila kijiji. Sharti la pili: awe hajalazwa chali.

Figa la kwanza akapewa Mhindi wa mume wangu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpinga aliyekwenda Bara Hindi. La pili, baada ya mimi kutishia kuzima moto, akapewa wa barakoa. Figa la tatu ndilo lililotutesa.

Dereva alimtaka Mturuki mmoja aliyesikia habari zake, aliyepigana akiwa amepakwa mafuta mwili mzima.

"Utamshikaje mtu kama kambare?" aliuliza.

"Kambare nawashika kila siku," mume wangu akasema. "Unamtia vidole kwenye mashavu."

Mturuki akatolewa kwa sababu ya mashavu.

Fundi naye, kumbe ndiyo maana alijipa ukubwa wa baraza, alikuwa na mtu wake. Alikuwa babu yake mzaa mama, ambaye alishindana na mamba pale mdomo wa mto.

"Mamba si mieleka," dereva akasema.

"Kwani mamba hana mgongo? Alilazwa chali, watu wakashuhudia."

"Babu alilipwa?"

"Alipewa jora zima la kitambaa cha bafta."

Tulitazamana. Kwa masharti yake mwenyewe, babu alikuwa ameingia. Lakini mzee wa Kiorma akauliza kama mamba naye alipewa kitu, maana kule kwa Wazungu wanalipwa wote wawili. Fundi akakasirika, akarudi kwenye cherehani yake akashona mguu mmoja wa suruali ukazidi mwingine. Mzee mwenyewe alikuwa akimtaka dume lake jekundu aingizwe. Tulimkatalia kwa adabu, kwamba dume halipwi. "Kweli," akasema. "Yeye nakula majani ya bure."

Jioni ile mume wangu alifika nyumbani akakaa akinipa mgongo. Tuliishi pamoja na mama yake, mavyaa wangu, mjane mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alitutazama mara mbili tatu, akasukuma sahani ya wali pembeni.

"Mnagombania nini ninyi?"

"Mwanamume," mume wangu akajibu.

Mavyaa aliacha kutafuna. "Mwanamume gani?"

"Mzungu."

"Mzungu! Mke wako na Mzungu?"

"Anasema ni mzuri."

Nilitaka kueleza, lakini kicheko kilinishika, na mwanamke anayecheka wakati kama huo anajizika mwenyewe. Mavyaa alinyanyuka. "Huyo Mzungu yuko wapi?"

"Yuko kwa fundi," mume wangu akasema, na ninaamini mpaka leo kwamba alisema kweli tupu bila kufikiri inavyosikika.

Asubuhi, kabla sijakoleza moto, nilimwona mavyaa akija kivukoni na mchi wa kutwangia begani. Alimpita dereva bila salamu, akasimama mbele ya cherehani.

"Mtoe!"

"Nimtoe nani, mama?" fundi akauliza, sindano mdomoni.

"Mzungu uliyemficha. Mtoe nimwone."

Fundi, bila haraka, alivuta mtoto wa meza akatoa ule ukurasa. Mavyaa aliutazama. Akaugeuza nyuma kuona kama kuna mtu mwingine. Akaugeuza tena mbele.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona hana nguo?"

"Ndiyo kazi yake, mama."

Tulingoja kilio. Badala yake mavyaa alikaa kwenye benchi langu, akaweka mchi chini, akausogeza ukurasa karibu na macho. "Miguu myembamba," akatamka. "Mtu wa miguu hii ukimsimamisha kwenye tope la shamba letu, hafiki saa nne." Kisha akaniomba chai, na tangu asubuhi ile akawa mmoja wa baraza, upande wa Mhindi. Mchi ulibaki kivukoni wiki nzima, tukawa tunatwanga kwa kuazima wa jirani.

Siku mbili tatu baadaye ndipo dereva alipotuharibia dunia. Alikuwa amebanwa. Mavyaa alitaka kujua inakuwaje mtu apigane kila wiki, miaka na miaka, asiwahi kuvuliwa barakoa, na miguu ile. Dereva aliangalia kushoto na kulia kama anayetaka kupitisha magendo.

"Mabaharia wanasema," alianza, "wanasema hao huwa wanakubaliana kabla. Kwamba leo utaanguka wewe, kesho nitaanguka mimi."

Nilisikia maji yakichemka.

"Wanajifanya?" mume wangu akauliza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa ng'ombe wake wote ni wa kukodi.

"Wanajifanya."

"Hata wa Bara Hindi?"

"Wa Bara Hindi sijui, kaka. Labda yeye hapana." Dereva alimhurumia. Sote tulimhurumia.

Fundi alisema basi wote ni waongo na mafiga yote matatu yavunjwe. Lakini mimi moyo ulinikataa. Niliuliza: kama wamekubaliana, kazi kubwa ni ya nani? Wa kuangusha anafanya nini cha ajabu? Hata kiboko anaangusha mtumbwi. Lakini yule mwingine anajua tangu asubuhi kwamba jioni atabwagwa mbele ya watu, labda mbele ya mke wake na mama yake, na anakwenda. Anaanguka kwa kishindo watu waamini, mifupa isivunjike, na kesho anarudi kuanguka tena. "Huyo ndiye bingwa," nikasema. "Wa kuangushwa."

Mzee wa Kiorma alinitazama akatikisa kichwa kwa kukubali, nikavimba kama andazi. Hata mume wangu aligeuza kiti akaniangalia usoni. Alisema maneno hayo yana uzito, na kwamba inafaa yajaribiwe.

Wakakubaliana hivi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, mume wangu na dereva wangepigana pale penye mchanga. Dereva angevaa barakoa na kuwa mwangushaji. Mume wangu angeanguka. Fundi alishona barakoa kwa bitana nyeusi, ila alipima kichwa cha dereva huku dereva akizungumza, kwa hiyo matundu yalikaa mbalimbali kupita kiasi. Ilimbidi dereva aone kwa jicho moja, kisha ageuze kichwa aone kwa jingine, kama kuku. Mavyaa hakuambiwa kwamba kuna makubaliano. Tulijua asingeweza kuitunza siri kwa sauti ile.

Watu walijaa kuliko siku ya mnada. Wapokomo wa mashamba ya mpunga walikuja na nguo za kanisani, vijana wa Kiorma wakasimama pembeni wakiegemea fimbo, na wasafiri wote waliokwama walikuwapo. Mzee wa ng'ombe alifanywa mwamuzi kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa msafi.

Akapiga kofi. Wakashikana. Mume wangu aliguna, dereva akaguna. Wakazunguka mara moja. Kisha, kwa pamoja, wote wawili walipiga yowe wakarukia nyuma, wakaanguka chali, mmoja huku, mwingine kule.

Hapakuwa na aliyeshangilia. Hatukujua tumshangilie nani.

Waliinuka, wakashikana tena. Nilikuwa karibu, nikawasikia wakinong'onezana.

"Niangushe, bwana!" mume wangu akasema.

"Niangushe wewe."

"Tulikubaliana!"

"Nimeghairi. Mkeo alisema bingwa ni wa kuangushwa."

"Ni mke wangu, alisema kwa ajili yangu!"

Ndipo mieleka ya kweli ilipoanza. Kila mmoja alimvuta mwenzake juu yake. Waliviringika, na aliyejikuta juu alijitupa chini kwa nguvu zake zote. Jasho liliwatoka. Mume wangu, aliyezoea kuvuta pantoni yenye lori, alikuwa akimburuta dereva ampande kifuani, na dereva alikita visigino mchangani asimpande. Mavyaa hakuelewa kitu. Alipaza sauti mara "Mbwage, mwanangu!" mara "Mwanangu, mbona unambembeleza?" Kila aliyetaka kushinda, yaani kushindwa, alishinda, yaani alishindwa kushindwa. Hata sasa nikieleza ulimi unanitatiza.

Wakaviringika mpaka ukingoni, wakatumbukia majini. Yalikuwa maji ya magotini, lakini katika Tana ya mafuriko mtu hatofautishi gogo na mamba, na mtu mmoja pale ukingoni alipiga kelele kwamba gogo limefumba jicho. Mume wangu alitoka majini kabla maji hayajajua kwamba aliingia. Dereva naye alitoka, ila barakoa iliyolowa ilikuwa imezunguka kichwani, tundu moja sikioni, jingine kisogoni. Alikimbia bila kuona, mikono mbele, akiita mama yake aliyekuwa Mombasa. Watu wakampisha. Akapita kati ya maduka, akaingia kundini mwa ng'ombe, akalikumbatia dume jekundu shingoni.

Dume hakuwa na hasira. Aligeuza kichwa kumtazama, akainamisha bega kidogo, kama mtu anayetua mzigo, na dereva akalala chali katika kinyesi, taratibu, mikono kapanua, barakoa inaangalia mbingu.

Hapo ndipo watu waliposhangilia. Kofia zilirushwa. Mavyaa alinikumbatia mimi bila kukumbuka kwamba hatujapatana.

Mzee wa Kiorma alisogea akamsaidia dereva kuinuka, akamvua barakoa kwa upole. Kisha akatugeukia sisi wa baraza.

"Huyu na dume nakubaliana kabla?" akauliza.

"Hapana, mzee," tukasema.

"Huyu dume, nani amelaza yeye chali?"

Hapakuwa na mtu.

"Lakini halipwi," fundi akasema. Babu yake alikuwa hatarini.

Ni mavyaa aliyeamua. Alimpokonya mwanamke mmoja mkungu wa ndizi mbivu, akaupeleka mwenyewe mpaka mdomoni mwa dume. Dume akala ndizi pamoja na maganda, akala na mkono wa mkungu.

"Sasa kalipwa," mavyaa akasema. Figa la tatu likawa limepata mwenyewe.

Fundi hakutusalimia mpaka Idi. Aliyapeleka malalamiko ya babu yake Kipini, na tulisikia kwamba huko ukoo mzima ulikaa kikao, wakatuona watu wa Garsen kuwa hatujui mamba.

Maji yalipopungua pantoni ilifunguliwa. Ng'ombe walivushwa kwa kuogeleshwa, vijana wakiwapigia kelele mamba wakae mbali, na mzee wa Kiorma aliniachia kibuyu cha maziwa kwa sababu, alisema, mimi nilisema neno la akili. Lori lilivuka siku iliyofuata. Dereva alimpungia mume wangu mkono na kumwita bingwa, na mume wangu naye akamwita bingwa, wakaitana hivyo mpaka lori likapotea kwenye kona ya kwenda Witu.

Lakini dereva hakunyamaza huko alikokwenda. Miezi michache baadaye wasafiri kutoka Lamu walianza kuuliza pale kivukoni, yuko wapi yule anayeanguka. Mume wangu aliona haya mwanzoni. Kisha akaanza kuanguka kidogo, pantoni ikiwa katikati ya mto na abiria hawana pa kwenda. Akaongeza yowe. Akajifunza kuanguka kwa ubavu, kwa magoti, na kuanguka kule kunakochukua muda mrefu, mtu akiyumba na kushika hewa na kuaga ndugu zake. Wazee walicheka mpaka wakashikwa wasianguke majini. Akina mama wa Kilamu walilia kwa kicheko ndani ya buibui zao. Mavyaa alikuwa anakuja kumtazama, akiketi kwenye benchi langu na kuwaambia wageni kwa sauti yake ile, hata abiria wa ng'ambo wakasikia, kwamba huyo ni mwanawe, na kwamba kuanguka alianza utotoni.